KENGELE SITA NA UKWELI MMOJA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika muhula uliopita kompyuta kubwa iliyo katika kona ya chumba chetu cha kompyuta ilianza kulia. Ililia "pii, pii, pii" asubuhi, ikalia mchana, na hata wakati wa masomo ya jioni haikunyamaza. Wasomaji walio wageni hawana budi kuambiwa ya kwamba kompyuta hiyo si ya kuchezea. Ndiyo itunzayo mitihani ya miaka iliyopita, vitabu vya kusoma, na alama za wanafunzi wote, na kompyuta nyingine zote za chumba kile huchukua vitu hivyo kwake. Ni ya zamani, nasi tulipewa kwa msaada, lakini kazi yake ni kubwa.

Kila mtu alikuwa na shauri lake. Fundi mmoja aliitwa kutoka mjini. Alitazama kioo, akaona neno ALARM, yaani tahadhari, limeandikwa mara sita, akasema ya kuwa pawasaplai imekufa na yafaa inunuliwe nyingine. Fedha hizo zingetoka katika michango ya wazazi, nazo zilikuwa zimekwisha kuwekwa kwa ajili ya dawa za maabara ya Kemia. Mwanafunzi mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ndiye mimi mwenyewe, alitaka kuchomoa waya wa kile kipaza sauti kidogo ili watu wasome kwa amani. Mwalimu wetu wa Fizikia alikataa mashauri yote mawili. Alisema, "Shahidi hafukuzwi kabla ya kusikilizwa, wala haaminiwi kabla ya kuhojiwa. Haya, mhojini."

Kazi hiyo ya kuhoji ilituchukua siku nne, na yale tuliyojifunza ndiyo nitakayoeleza hapa. Nadhani yatamfaa kila mtu mwenye kompyuta, na hata asiyekuwa nayo.

Jinsi Kompyuta Ijipimavyo

Kompyuta yetu yaendeshwa kwa Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, nchi ya Finland. Watu wengi wa dunia wameiendeleza tangu siku hizo. Hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuifungua na kutazama jinsi ilivyoundwa. Ruhusa hii ya kutazama ndani ndiyo iliyotuwezesha kufanya uchunguzi wetu, maana hakuna jambo tulilofichwa.

Juu ya bodi kuu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita madabodi, mna chipu ndogo ambayo kazi yake ni kama ya mwuguzi wa zamu. Hupima joto la prosesa, hupima volti za umeme uingiao, na huhesabu mizunguko ya feni. Chipu yetu yaitwa W83627HF, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Winbond. Kila kitu ipimacho kina mipaka miwili, wa chini na wa juu, au mmoja tu. Kipimo kikivuka mpaka, chipu huweka alama ya hatari, na ikiwa imeruhusiwa hupiga kipaza sauti.

Kwa upande wa Linux, mna programu iitwayo lm-sensors. Ukiandika amri hii moja:

sensors

utaonyeshwa vipimo vyote pamoja na mipaka yake, na kando ya kila kilichovuka mpaka utaona neno ALARM.

Basi jambo la kwanza la kushika ni hili. Neno ALARM halina maana ya kuwa kitu kimeharibika. Maana yake ni kwamba nambari moja imekuwa kubwa au ndogo kuliko nambari nyingine. Chipu haijui zaidi ya hayo. Ikiwa nambari ya kwanza ni ya uongo, au ile ya pili ni ya uongo, kengele italia ingawa kompyuta ni nzima kabisa. Wazee walisema, "Pafukapo moshi hapakosi moto." Lakini hapana budi kwanza kuhakikisha ya kuwa tunachokiona ni moshi, wala si vumbi la barabarani.

Hizi ndizo kengele sita tulizozikuta, kila moja na kipimo chake:

1. Umeme wa volti 12: ulisomwa 12.67, na mpaka wa juu ni 12.60.
2. Umeme wa volti hasi 5: ulisomwa hasi 7.71.
3. Feni ya kwanza: mizunguko 0 kwa dakika, na mpaka wa chini ni 3000.
4. Feni ya pili: mizunguko 0 kwa dakika.
5. Joto la tatu: digrii 127.
6. Joto la prosesa: digrii 71, na mpaka wa juu ni 65.

Msomaji asiendelee mbele upesi. Na aitazame orodha hii, ajiulize ni ipi ya kuogopwa. Sisi tulidhani ni ile ya digrii 127, kwa kuwa maji huchemka kwa digrii 100 tu!

Joto Lisilokuwapo

Tulianza na hiyo ya digrii 127. Mwalimu alituamuru tuizime kompyuta usiku kucha, tuiwashe asubuhi kabla ya jua kupata nguvu, na tusome kipimo mara moja. Kilikuwa 127. Tukakisoma tena baada ya saa moja, kilikuwa 127. Tukakisoma mchana, kilikuwa 127 vilevile. Hapo Mwalimu akacheka, akasema, "Kitu kilicho hai hubadilika. Kisichobadilika kamwe hakipimi kitu."

Sababu yake ni nyepesi. Chipu hii huandika digrii nzima kwa tarakimu nane za 0 na 1. Tarakimu moja hutumika kuonyesha kama nambari ni hasi au chanya, na saba zilizobaki zaweza kuhesabu hadi 127 tu. Kwa hiyo 127 ndio mwisho wa kipimo, kama vile mshale wa mizani uliogonga ukuta. Chipu ina nafasi za vipimajoto vitatu, lakini watengenezaji wa bodi yetu waliunganisha viwili tu. Nafasi ya tatu haina kitu. Mguu wa chipu usiounganishwa na kitu husoma upuuzi, na upuuzi huo mara nyingi hukimbilia mwisho wa mizani, juu kabisa au chini kabisa. Watu wenye kompyuta mpya huona jambo lilo hilo katika mistari yenye majina kama AUXTIN, ambako joto huweza kuandikwa makumi ya digrii chini ya sifuri hali chumba kina joto la kutoa jasho.

Feni ya pili ilikuwa na hadithi hiyo hiyo. Tulifungua kifuniko, tukatafuta feni ya pili. Hapakuwa na feni ya pili. Kulikuwa na mahali pa kuichomeka tu. Chipu ilikuwa ikilia kwa ajili ya feni ambayo haijapata kuwapo!

Sifuri Iliyovaa Nguo

Kengele ya volti hasi 5 ilitupa kazi zaidi. Chipu yetu haiwezi kupima volti hasi moja kwa moja, kwa hiyo watengenezaji huzichanganya na volti chanya kwa njia ya rezista, kisha programu hutumia hesabu kurudisha thamani ya kweli. Hesabu ya mstari huu imeandikwa katika faili la mfano lijalo pamoja na programu: chukua kipimo, zidisha kwa 3.14, kisha toa 7.71.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliitazama hesabu hiyo kwa muda, akapiga kelele, "Basi kipimo ni sifuri!" Naye alisema kweli. Sifuri ukiizidisha kwa 3.14 ni sifuri, na ukitoa 7.71 unapata hasi 7.71, ndiyo nambari ile ile iliyokuwa kwenye kioo. Chipu haikupima kitu chochote. Ilisoma sifuri, na programu ikaivisha sifuri hiyo nguo za volti.

Je, kwa nini sifuri? Kwa sababu waya wa volti hasi 5 ulikuwa wa lazima katika kompyuta za kale, lakini pawasaplai za siku hizi hazina tena waya huo. Chipu ya zamani yamngoja mgeni ambaye amekwisha kuacha kuja. Hakuna ubaya wowote katika jambo hilo.

Volti Zilizozidishwa Mno

Sasa twafika kwenye ile kengele iliyomtia fundi hofu, volti 12 iliyosomwa 12.67. Kwa desturi pawasaplai yaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa sehemu 5 katika 100. Kwa volti 12, maana yake ni kati ya 11.40 na 12.60. Basi 12.67 imevuka.

Lakini chipu haiwezi kupima volti 12. Uwezo wake unaishia karibu na volti 4.08, kwa kuwa hupima kwa hatua 255, na kila hatua ni volti 0.016. Ili volti 12 ziweze kupimika, hupunguzwa kwanza kwa rezista mbili, kisha programu huzidisha kuzirudisha. Ni kama mtu apimaye nafaka ya gunia kwa kibaba: hesabu ya vibaba yaweza kuwa sawasawa, lakini akikosea ukubwa wa kibaba, gunia zima litakuwa na kosa.

Katika bodi nyingi zenye chipu kama yetu, rezista hizo ni za kilo-omu 28 na kilo-omu 10. Kwa hiyo kipimo yapasa kizidishwe kwa 28 gawanya kwa 10, kujumlisha 1, ambayo ni 3.8. Tulipofungua faili la mipangilio la kompyuta yetu tulikuta limenakiliwa kutoka kompyuta nyingine yenye rezista nyingine. Mahali pa 28 paliandikwa 30, na kwa hiyo kizidisho kilikuwa 4. Hesabu yake ni hii:

Hatua 198 mara 0.016 ni volti 3.168.
Kwa kizidisho cha 4: volti 12.67. Kengele!
Kwa kizidisho cha 3.8: volti 12.04. Hakuna kengele.

Labda msomaji atasema, "Mmechagua hesabu iliyowapendeza." Ni swali zuri, na Mwalimu alituuliza hilo hilo. Kuchagua nambari mpaka kengele inyamaze si uchunguzi, ni kujidanganya. Kwa sababu hiyo tulitafuta shahidi mwingine. Mwalimu mwenyewe alichukua mita ya maabara, akaiweka kwenye plagi moja ya wazi itokayo katika pawasaplai, ncha moja kwenye waya mweusi na nyingine kwenye waya wa manjano. Mita ilionyesha volti 12.03. Mita haijui lolote juu ya faili letu, wala haina upendeleo. Hapo tulijua ya kwamba pawasaplai ni nzima, na fedha za dawa za Kemia zikaokoka.

Naonya hapa kwa wale watakaojaribu nyumbani: pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe. Ndani yake mna umeme wa kuua, nao hubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani. Tunapima kwenye plagi za nje tu, na mtu mzima mwenye ujuzi akiwapo.

Feni Izungukayo na Kuhesabiwa Sifuri

Feni ya kwanza ilisomwa sifuri, na hali tuliiona kwa macho yetu ikizunguka. Jambo hili lilinipendeza kuliko yote, kwa kuwa ni hesabu tupu.

Chipu ina saa ya ndani yenye kupiga mara 22,500 kwa sekunde. Feni ikimaliza mzunguko mmoja, chipu hutazama ni mapigo mangapi ya saa yamepita. Feni yetu huzunguka mara 1500 kwa dakika, ndiyo kusema mara 25 kwa sekunde. Gawanya 22,500 kwa 25, unapata mapigo 900. Lakini kihesabu cha chipu ni kidogo. Mwisho wake ni 255. Kwa hiyo mapigo hayo hugawanywa kwanza kwa kigawanyo, kama vile 1, 2, 4 au 8.

Kompyuta yetu ilikuwa na kigawanyo cha 2. Basi 900 kwa 2 ni 450. Nambari hiyo haiingii katika kihesabu, nacho hujaa. Kihesabu kilichojaa chaonekana sawasawa na feni iliyosimama, na programu huandika 0. Kwa kigawanyo cha 4 tungepata 225, ambayo yaingia, lakini imekaribia ukingo. Tulichagua 8, tukapata 112, na kioo kikaonyesha mizunguko karibu na 1500. Kwa hiyo feni ya polepole yaweza kuonekana imekufa, na feni ya haraka ikahesabiwa vema. Chipu za siku hizi zina vihesabu vikubwa zaidi, na nyingi zao hazina tena shida hii.

Hata hivyo kengele haikunyamaza, kwa kuwa mpaka wa chini ulikuwa 3000. Nani aliuweka? Hakuna ajuaye. Katika kompyuta nyingi mipaka haikuwekwa na mtu. Ni nambari zilizobaki tu ndani ya chipu tangu ilipopata umeme. Wenye kompyuta mpya wengi huona mstari wa volti ambao mpaka wake wa chini ni 0 na mpaka wake wa juu ni 0 vilevile. Umeme gani utakaokuwa juu ya 0 bila kuvuka mpaka huo? Tulisoma mizunguko ya feni yetu kwa siku tatu, tukaona haishuki chini ya 1450, tukaweka mpaka wa chini 1000.

Ile Kengele Moja

Sasa tumemaliza kengele tano, na zote tano ni za uongo. Wakati huo furaha ilitujaa, na nakiri ya kwamba nilisema, "Basi na hiyo ya sita ni ya uongo pia, tuifute tupumzike." Alikuwa Mwalimu tena aliyesema, "Mashahidi watano wakiongopa, haifuati ya kuwa wa sita ni mwongo. Yeye naye ahojiwe kwa maswali yale yale."

Tukamhoji. Je, hubadilika? Naam, asubuhi baridi, kompyuta ikiwa haina kazi, joto la prosesa lilikuwa digrii 52. Darasa zima likianza kuchukua vitabu, lilipanda hadi 60, kisha 66, kisha 71. Kazi ikiisha, lilishuka taratibu. Je, kipimajoto kimeunganishwa? Ndiyo. Je, mpaka ni wa haki? Digrii 65 ni mpaka wa busara kwa prosesa ya namna ile. Je, yuko shahidi mwingine? Tulizima, tukaiwasha tena na kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya bodi, ule utokeao kabla ya Linux kuanza. Nao ulionyesha joto kubwa vilevile.

Basi kengele hii ilikuwa ya kweli. Tulizima kompyuta, tukachomoa waya ukutani, Mwalimu akaing'oa feni ya kwanza. Chini yake, kati ya mapezi ya alumini yanayopoza prosesa, vumbi lilikuwa limeshikamana kama blanketi. Feni ilizunguka, lakini upepo haukupita. Tulilitoa kwa brashi laini, tukafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, tukapaka nyingine mpya kidogo. Tangu siku hiyo joto halijapata kuzidi digrii 54, hata darasa zima likiwa kazini.

Na fikirini, wasomaji, kama tungalifuata mashauri ya kwanza. Kama tungalinunua pawasaplai mpya, fedha za wazazi zingalikwenda, vumbi lingalibaki, na kompyuta ingaliendelea kuungua. Kama ningalichomoa waya wa kipaza sauti, tungalisoma kwa amani mpaka siku prosesa ingalijizima yenyewe katikati ya kazi, pengine katika juma la mitihani. Kengele tano za uongo zilikuwa zimemficha msema kweli mmoja katikati yao, kama mtu aitaye msaada katika kelele za soko.

Jinsi ya Kuzisahihisha

Kwa wale watakaokutwa na shida hii naandika hatua tulizofuata.

Kwanza, tafuteni chipu yenu ni ipi. Amri yake ni "sudo sensors-detect". Itauliza maswali mengi. Asiyejua jibu na abonyeze Enter tu, apate jibu lililopendekezwa. Msijibu kwa kubahatisha, maana kupekua kila kona ya bodi si jambo la mchezo. Zamani kompyuta kadha za mkononi za aina ya ThinkPad, zilizotengenezwa na IBM, ziliharibika kumbukumbu zao za ndani kwa upekuzi wa namna hiyo, na waandishi wa programu walilazimika kuweka kinga.

Pili, andikeni vipimo vyote katika daftari, asubuhi na mchana, kwa siku kadha. Bila daftari hamtajua kipi hubadilika na kipi kimekufa.

Tatu, msifute faili kuu liitwalo /etc/sensors3.conf. Andikeni marekebisho yenu katika faili jipya ndani ya /etc/sensors.d, kwa sababu faili kuu laweza kubadilishwa programu ikipata toleo jipya. Faili letu ni hili:

chip "w83627hf-*"
  compute in4 @*3.8, @/3.8
  set in4_min 11.4
  set in4_max 12.6
  set fan1_div 8
  set fan1_min 1000
  ignore in6
  ignore fan2
  ignore temp3

Neno "compute" hubadili hesabu, "set" huweka mpaka, na "ignore" huficha mstari usio na maana. Nambari hizi ni za bodi yetu. Mwenye bodi nyingine asizinakili, asije akafanya kosa lile lile lililotuponza sisi.

Nne, andikeni "sudo sensors -s" ili mipaka mipya iingie katika chipu. Kisha someni vipimo mara mbili. Chipu nyingi hukumbuka kengele iliyopita mpaka isomwe, na kwa hiyo usomaji wa kwanza waweza kuonyesha hatari iliyokwisha.

Tano, kumbukeni ya kuwa "ignore" huficha maandishi tu. Chipu yaweza kuendelea kulia. Katika chipu kama yetu kila kipimo kina faili lake la mlio chini ya /sys/class/hwmon, kama vile in6_beep. Ukiandika 0 ndani yake, kipimo hicho kimoja hunyamaza, na vingine hubaki macho. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumnyamazisha mwongo na kuwaziba watu wote midomo.

Sita, na hii ndiyo husahauliwa na wengi: ijaribuni kengele. Baada ya kumaliza tuliurudisha mpaka wa feni kuwa 3000 kwa makusudi. Kengele ililia. Tukauweka tena 1000, ikanyamaza. Kengele ambayo haijajaribiwa haina tofauti na kengele iliyokatwa waya.

Maneno ya Mwisho

Sote tulisimuliwa utotoni habari za mchungaji aliyepiga kelele "Simba! Simba!" ili awacheke watu, hata siku simba alipokuja kweli hakuna aliyetoka. Husemwa ya kuwa kosa ni la mchungaji. Ni kweli, lakini nadhani wanakijiji nao walikuwa na sehemu yao. Waliposikia uongo mara ya kwanza na ya pili walinung'unika, wakarudi majumbani, kisha wakaziba masikio. Hakuna aliyemwondoa kijana yule malishoni na kumweka mlinzi aaminikaye. Hivyo walibaki na mlinzi mwongo, na ng'ombe wakaliwa.

Kompyuta haikutudanganya kwa kusudi. Ilisema ilivyofundishwa na watu: mmoja aliyenakili faili bila kutazama, na wengine ambao hawakuweka mipaka kabisa. Ilitupasa sisi kuifundisha upya.

Sasa karatasi moja imebandikwa ukutani kando ya kompyuta ile. Ina safu ya tarehe, ya joto la prosesa, ya mizunguko ya feni na ya volti, na kila Jumatatu mwanafunzi wa zamu huijaza. Brashi imetundikwa msumarini chini yake. Fundi wa mjini alipopita tena alisimama akaisoma karatasi hiyo, akaomba kunakili mistari ya faili letu. Tulimpa, tukamwambia asisahau kupima rezista zake kwanza.